Siku Ngome ya Vidrovac Ilipokataa Kuanguka

Katika vita vya kweli, ngome ya Vidrovac ilianguka mara moja tu. Katika mchezo wa kuigiza ilikuwa ikianguka kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Eliya, mwanzoni mwa Agosti, alasiri, jua likiwa la kupasua kichwa na wana-kondoo wakiwa wamebakiza kidogo tu kuiva.

Ilijengwa zamani sana na bwana mmoja aliyeitwa Vojihna. Huyu aliona mashua za chumvi zikipita kwenye mto Morava bila kumsalimia, akahesabu kuwa ni utovu wa adabu. Akainua kuta, akavusha mnyororo mtoni kutoka ukingo huu mpaka ule, na tangu hapo kila mashua ikawa inasimama kutoa salamu, salamu yenyewe ikiwa ni chumvi. Binamu yake Prvoslav, aliyekaa ng'ambo, Topoljar, akasema mnyororo umefungwa kwenye mti wake, kwa hiyo nusu ya salamu ni yake. Vojihna akajibu kuwa miti ni ya Mungu. Basi wakapigana.

Prvoslav aliizingira ngome kiangazi kizima asipate hata jiwe. Kisha asubuhi moja lango likafunguliwa kutoka ndani. Watu wa Topoljar wana wimbo unaosema mlinzi wa lango alihongwa gunia la chumvi. Jina lake halimo kwenye wimbo wala mahali pengine popote. Lakini Vidrovac kuna ukoo unaoitwa Vratarić, yaani watu wa mlangoni, na kijiji kikaona hapo hapahitaji ushahidi zaidi.

Baada ya vita hivyo ngome haikungoja tena adui, wanakijiji wenyewe waliimaliza. Anayejenga kanisa alichukua mawe, anayejenga shule alichukua, anayejenga banda la nguruwe alichukua mazuri zaidi. Banda la Mwenyekiti Krsman Lukić mpaka leo lina tundu la kurushia mishale, na nguruwe wake hulitumia kuchungulia nani anapita barabarani. Hata mto ulijisogeza kando kidogo, kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi. Kilichobaki ni ukuta wa mbele, mnara uliokatika kichwa, na lango ambalo serikali ilitengeneza upya kwa mti wa mwaloni, lenye komeo la kubebwa na watu wawili. Ukuta wa nyuma haukuwepo kabisa. Mbuzi waliingia na kutoka wapendavyo, na mkokoteni wa nyasi ungepita pale bila kugusa kitu.

Stamena Vratarić alikuwa na saluni karibu na kituo cha basi. Alikuwa na mikono myepesi, na ulimi mwepesi zaidi, na mtu aliyekaa kwenye kiti chake alitoka na nywele fupi na aibu ndefu. Ulimi huo aliupata kwa mazoezi. Tangu anaanza shule, kila alipokaa karibu na mlango mtu alipiga kelele, "Mhamisheni huyo kabla hatujauzwa!" Kaka yake, kabla ya kuhamia Vienna, aliwahi kuwa golikipa wa timu ya kijiji. Kila bao lilipoingia, uwanja mzima uliuliza kwa pamoja amepewa kilo ngapi.

Baba yao, mzee Tihomir, yeye hakuona shida. Miaka nenda rudi ndiye aliyeigiza mlinzi wa lango, maana nani mwingine angeigiza. Alitembea taratibu mpaka langoni, mkono kifuani, akageuka kuutazama mnara, akainua uso mbinguni, akashusha pumzi ya huzuni iliyosikika mpaka kwenye mabenchi ya nyuma, ndipo akainua komeo. Watoto walimtupia kokwa za plamu. Jioni alirudi nyumbani akizitoa kwenye nywele, anacheka peke yake.

"Hukasiriki, baba?" Stamena alimuuliza siku moja.

"Kuna mtu lazima afungue, mwanangu. Tukikaa wote ndani tumenuna, nyama itaungua."

Mzee Tihomir alifariki mwezi wa Februari, ardhi ikiwa ngumu kama sahani. Kijiji kizima kilikuja makaburini, na Topoljar nao wakavuka, kofia mkononi. Mwenyekiti Krsman akatoa neno la kuaga. Alianza vizuri. Alisifu nyuki wa marehemu, akasifu asali yake, kisha akatazama huku na huku, akashindwa kujizuia.

"Ndugu yetu Tihomir amekula chumvi nyingi," akasema. "Na wote tunajua chumvi yenyewe ilitoka wapi."

Watu walicheka. Si kwa ubaya. Walicheka vile baridi inavyomfanya mtu acheke, wakaziba midomo kwa glavu. Padri aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye joho. Na kilichomuuma Stamena kuliko vyote ni kwamba yeye mwenyewe, kando ya jeneza la baba yake, kicheko kilimpanda mpaka kooni, akakiuma kwa meno. Alirudi nyumbani na kile kicheko tumboni kama jiwe. Kikakaa humo mpaka kiangazi.

Julai Mwalimu Ognjen aliingia saluni, akakaa bila kuvua miwani. Ndiye aliyeandaa mchezo kila mwaka, na ndiye aliyesimulia kwa kipaza sauti.

"Punguza tu pembeni," akasema. Kisha akakohoa. "Stamena, kuna lile jambo la mlinzi wa lango."

"Lina nini?"

"Nafasi iko wazi."

"Najua iko wazi, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemzika."

Mwalimu akakohoa tena. Alikuwa ametayarisha maneno mengi ya kumbembeleza: kwamba ni heshima, kwamba kofia ya chuma itafunika uso, kwamba zamani wanawake nao walishika silaha. Hakupata nafasi ya kuyatumia.

"Nitaigiza," Stamena akasema, mkasi ukiendelea kulia kwenye sikio la Mwalimu.

"Kweli?"

"Nani mwingine? Mbuzi?"

Mwalimu alitoka pale amefurahi mno, wala hakujiuliza kwa nini mwanamke mwenye ulimi ule amekubali upesi namna ile. Watu wenye elimu wakipewa wanachotaka huacha kufikiri, kama sisi wengine tu.

Siku ya Mtakatifu Eliya ikafika. Taratibu za siku ile zilikuwa za zamani na hazikubadilika. Chakula kilikuwa cha Vidrovac: ndani ya ngome wana-kondoo walizungushwa juu ya makaa, na sufuria kubwa ya supu ya samaki, nyekundu kwa pilipili, ilitokota chini ya mnara. Vinywaji vilikuwa vya Topoljar: walivuka navyo kwa kivuko, mapipa ya mvinyo, makreti ya bia, chupa za rakija, pombe kali ya matunda, zimefungwa kwa majani yasivunjike. Watazamaji walikaa kwenye mabenchi nje, kati ya ukuta na mto. Ngome ikishaanguka, wote waliingia, chakula na vinywaji vikakutana.

Jeshi la Topoljar liliongozwa na Budimir, muuza matrekta mwenye tumbo na sharubu za kutosha watu wawili. Alikuja juu ya farasi wake jike, Mrvica, aliyeogopa ngoma na kwa hiyo alizibwa masikio kwa pamba. Nyuma yake walifuata wanaume waliovaa bati na sufi katika joto lile, nyuso zao nyekundu kama nyanya.

Ndani, Krsman aliigiza Bwana Vojihna. Huyo ndiye shujaa wa mchezo. Kazi yake kubwa ilikuwa kufa. Lango likishafunguliwa, alisimama katikati yake na upanga, akachomwa, na hapo akaanza hotuba. Alimuaga mama yake, akauaga mto, akaiaga nchi, akaaga kila kilima kwa jina lake. Kila mwaka hotuba ilirefuka. Mwaka uliopita mpiga tarumbeta mmoja alisinzia akaanguka kutoka kwenye kiti. Krsman alisema ni kwa uchungu.

Matarumbeta yakalia. Topoljar wakashambulia mara ya kwanza, wakarudishwa. Wakashambulia mara ya pili, wakarudishwa. Kisha kimya kikatanda, na sauti ya Mwalimu Ognjen ikatoka kwenye spika ikitetemeka kwa maana.

"Ndipo mlinzi wa lango, moyo wake ukiwa umeuzwa kwa gunia la chumvi… akafungua!"

Lango likatulia tuli.

"Akafungua!" Mwalimu akarudia.

Nzi mmoja akapita.

"Akafungua, jamani."

Juu ya ukuta, kando ya lango, kichwa kikatokeza chini ya kofia ya chuma iliyokuwa kubwa kwake.

"Hakufungua!" Stamena akapaza sauti.

Mabenchi yakaguna. Mwalimu akatazama karatasi zake, akazigeuza, kana kwamba huenda upande wa pili kuna jibu.

"Stamena," akasema, akisahau kuzima kipaza sauti, "imeandikwa akafungua."

"Basi njoo ufungue wewe uliyeandika!"

Ndani, Krsman alikuwa tayari amesimama mahali pake pa kufia. Alikuwa amevaa joho jekundu, amekunywa yai bichi kwa ajili ya sauti. Akamwendea mbio.

"We Stamena, una nini? Komeo limekukwamia?"

"Komeo liko sawa."

"Basi fungua!"

"Sifungui."

"Hufungui vipi? Watu wametoka mpaka Belgrade kuniona nikifa!"

"Kwani nani amekukataza? Kufa tu, Mwenyekiti. Hapo ulipo pana kivuli."

"Siwezi kufa bila adui! Nitakufa kwa nini, kwa joto?"

Walinzi wengine wa ngome, wanaume waliokuwa wakizungusha nyama zaidi ya kushika mikuki, walianza kutabasamu. Wakasogea. Kwanza walitaka kumsihi Stamena. Kisha mmoja wao akachungulia nje, akawaona watu wa Topoljar wamesimama juani midomo wazi, na jambo ambalo halijawahi kumpitia kichwani likampitia.

"Jamani," akasema polepole. "Hatujashindwa."

Neno hilo likaenda kutoka kwa mtu hadi mtu kama chupa. Hatujashindwa! Tangu wazaliwe walikuwa wakishindwa kila Agosti, na baba zao kabla yao, na kila mwaka mtu wa Topoljar aliwapigapiga bega kuwafariji huku akila nyama yao. Wakapanda ukutani wote kwa mpigo.

"Eee, Topoljar!" wakaita. "Vipi huko? Jua linasemaje?"

Budimir akamsogeza Mrvica mpaka chini ya ukuta.

"Acheni masihara, fungueni. Watu wangu wamevaa sufi."

"Vueni!"

"Hatukuvaa kitu ndani!"

Vicheko vikapanda pande zote mbili. Budimir akaamuru ngazi iletwe. Ilikuwa ngazi ya mchezo, ya mbao za mpopla, iliyotengenezwa ili kupakwa rangi na si kupandwa. Mtu wa kwanza alifika hatua ya tatu, ikakatika. Alishuka kwa kalio, akakaa hapohapo akitafakari.

Wakati huo huo familia moja ya wageni, baba, mama na kofia zao za majani, ilizunguka kwa nyuma ikapita penye pengo la mbuzi. Wakaingia ngomeni wakiwa wanapangusa magoti yaliyowashwa na upupu, wakauliza kama mahindi ya kuchoma yanauzwa. Wakauziwa, wakatoka vilevile walivyoingia.

Mpiganaji mmoja wa Topoljar aliwaona. "Kamanda," akamwambia Budimir, "si tungezunguka tu?"

Budimir alimtazama kwa macho ya kumhurumia. "Sisi mbuzi?"

"Hapana, lakini…"

"Babu zetu waliingia kwa lango. Baba zetu wakaingia kwa lango. Mimi nikaingie penye mavi ya mbuzi, nitamwambia nini mama yangu? Yule pale, benchi la pili, ananitazama."

Kweli alikuwa anatazama, na mwavuli wake amemwelekezea mwanawe kama fimbo.

Basi kuzingirwa kukaanza, kwa mara ya kwanza kwa kweli baada ya mamia ya miaka. Na kama ilivyo katika kuzingirwa kote, tatizo likawa tumbo. Ndani kulikuwa na nyama, mahindi, mkate na supu, lakini hakuna tone la kunywa. Pilipili ya supu ikaanza kuwafanyia watu kazi kooni. Nje kulikuwa na mvinyo wa kuogea, lakini hakuna tonge, na harufu ya nyama ilipita juu ya ukuta ikawatembelea mmoja mmoja.

Kamba ikateremshwa, na kikapu. Haijulikani nani alianza. Kikapu kilishuka na paja la mwana-kondoo, kikapanda na chupa sita.

"Huo ni uhaini!" Krsman akapiga kelele. "Mnafanya biashara na adui!"

"Ni mabadilishano ya mateka, Mwenyekiti," akajibiwa. "Tumewapa kondoo, wametupa bia. Wote wako salama."

Baada ya kikapu kupanda na kushuka mara kadhaa, ukuta haukuwa tena ukuta, ulikuwa kaunta. Bendi ilipewa nyama ikaanza kupiga kolo, ngoma ya mduara, bila kuambiwa. Watazamaji wakaacha mabenchi wakashikana mikono, mduara ukazunguka kwenye majani, watu wa bati wakicheza na wasio na bati. Ndani nao wakacheza. Mwalimu Ognjen alisimama peke yake na karatasi zake, akijaribu kusimulia, "Na njaa kali ikawakumba walio ndani…" huku mifupa ikirushwa juu ya ukuta.

Stamena hakucheza. Alikuwa ameketi juu ya komeo, miguu ikining'inia, kofia ya chuma magotini, anakula mkate. Ajabu ni kwamba hakuwa na hasira tena. Alikuwa amejiandaa kugombana mpaka jua lichwe, na sasa hakuna aliyemgombeza. Isipokuwa mmoja.

Krsman alikuja akasimama mbele yake. Joho lilikuwa limemlowa jasho, na ule wanja aliopakwa ili aonekane mkali ulikuwa umemtelemka mashavuni.

"Stamena," akasema. Safari hii hakupiga kelele. "Nimekukosea nini?"

"Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Februari. Makaburini."

Krsman akafikiri. Ilimchukua muda, na Stamena aliona wazi kuwa mtu huyu kweli anatafuta na kweli haoni. Kisha akaona.

"Aa," akasema. "Ile ya chumvi."

"Ile ya chumvi."

"Ulikuwa utani, Stamena! Tihomir mwenyewe angecheka."

"Angecheka sana. Hata mimi nilitaka kucheka. Unajua ilivyo, kusimama pale baba yako anashushwa, na wewe unabana kicheko? Nilishindwa hata kulia. Ningefungua mdomo kulia, kicheko ndicho kingetoka. Mpaka leo sijamlilia baba yangu vizuri, kwa sababu yako, wewe na mdomo wako."

Krsman akajifuta jasho kwa pindo la joho. Alivuta pua. Alitazama viatu vyake.

"Huwa linanitoka tu," akasema hatimaye. "Nikiona watu wengi wananitazama, linanitoka. Mke wangu Zagorka ananiambia kila siku."

"Sikiliza Zagorka."

"Basi nisamehe."

Aliisema upesi na kwa chini, kama mtu anayelipa nauli. Stamena akaitafuna pamoja na mkate. Si haba, akaona. Kutoka kwa Krsman, si haba.

"Nimekusamehe," akasema.

"Haya, fungua."

"Kusamehe ni kusamehe. Kufungua sifungui. Hakuna Vratarić atakayegusa komeo hili tena." Akaruka chini, akajipangusa makombo, akasogea kando hatua kadhaa. "Hilo hapo. Si langu. Anayetaka, afungue."

Krsman alitazama komeo. Akageuka kuwatazama watu wake. Wote walikuwa kwenye mduara, wamempa migongo. Akachungulia penye ufa wa lango. Nje aliona mama mmoja anakunja mkeka wake. Aliona watu wa Belgrade wanatafuta funguo za gari. Jua lilikuwa linaelekea vilimani, vilima vyote vile alivyotaka kuviaga kwa jina, na mwanga ulikuwa umefika kwenye upinde wa lango, wa dhahabu, vile anavyoupenda, mwanga wa kufia.

Akakunja mikono ya joho. Komeo lilikuwa la watu wawili. Sijui hamu hutoka wapi na kumpa mtu nguvu; Bwana Vojihna, shujaa wa Vidrovac, aliliweka begani, akaguna, akaliinua peke yake, likaanguka chini kwa kishindo kilichonyamazisha bendi. Kisha akasukuma lango kwa mikono miwili, likafunguka wazi.

Watu wote waligeuka. Pale katikati, joho jekundu, jasho linamtiririka, komeo miguuni, alisimama Mwenyekiti.

Budimir alikuwa ameshashuka kwenye farasi na alikuwa na ubavu wa kondoo mkononi. Akamtazama Krsman. Akatazama komeo. Sharubu zikaanza kumchezacheza.

"Krsman," akasema. "Nawe? Umepewa gunia zima au nusu?"

Kicheko kilichofuata, watu wa kituo cha treni walisema walikisikia. Mama yake Budimir alikaa chini kwenye majani, mwavuli umemfunika. Wanaume wa bati walishikana ili wasianguke. Krsman aliinua upanga, akaanza, "Ee mama yangu…" na mtu akadakia kutoka ukutani, "Mama, naomba chumvi!" huo ukawa mwisho wa hotuba. Alijaribu kuuaga mto, wakacheka. Alijaribu kilima cha kwanza. Mrvica, ambaye pamba ilikuwa imemtoka masikioni, alitishwa na kelele, akapita mbio langoni, akamsukuma shujaa kwa bega, na Krsman akakaa kwenye vumbi kando ya sufuria ya supu. Hapo ndipo alipofia mwaka ule, bila kutoa neno.

Naye Stamena alikuwa ameegemea ukuta, anacheka. Alicheka kile kicheko cha Februari na vyote vilivyokuwa nyuma yake, mpaka mbavu zikauma, na kikiwa katikati kikageuka. Machozi yakamtoka mengi, mazito, akayaacha. Hakuna aliyegundua, siku ile kila mtu alikuwa anafuta macho.

Zagorka alimwinua mumewe, akampangusa joho, akasema kwa sauti ya kutosha, "Nimekuambia mara ngapi kuhusu kutaka kuonekana?" Kisha akampakulia supu, maana mume ni mume.

Wakati wa kula, Budimir alikuja kukaa karibu na Stamena na sahani yake. Alimaliza nyama kwanza, akaweka mfupa kando.

"Dada Stamena," akasema. "Nikuulize. Baba yako alikuwa akikuambia tulichokuwa tunaongea pale langoni?"

"Mlikuwa mnaongea?"

"Kila mwaka. Lango likifunguka, mimi naingia na upanga, uso nimeukunja hivi, yeye ananiinamia kama msaliti. Watu wanadhani anaomba gunia lake. Unajua alikuwa ananinong'oneza nini?"

Stamena akatikisa kichwa.

"'Karibuni, mmechelewa, supu inapoa.'" Budimir akafuta sharubu. "Kila mwaka. Mwaka wa kwanza nilitaka kuanguka. Hebu fikiria, nimekuja kuteka ngome, mtu ananiambia supu inapoa. Ilinibidi niume shavu nisicheke mbele ya jeshi. Leo nilikuwa nimeisubiri tangu asubuhi. Lango lilipogoma, mimi sikukasirika kuhusu vita. Nilikasirika kuhusu hilo."

Stamena alitazama supu kwenye bakuli lake. Alimwona baba yake, kokwa za plamu kwenye nywele, anacheka peke yake njia nzima kurudi nyumbani.

"Mzee mshenzi," akasema kwa upendo. "Hakuniambia."

"Angekuambia, ingekuwa siri gani?"

Mwalimu Ognjen alihangaika majira yote ya baridi na maandishi yake. Kwanza aliandika kuwa lango lilifunguka lenyewe kwa upepo, akaona ni uongo mno. Kisha akaandika kuwa wimbo wa Topoljar ni ushahidi wa upande mmoja, na kwamba hadithi ya chumvi huenda imetiwa chumvi, na hiyo akaipenda, akaiacha. Krsman kwa miezi miwili alikwenda kunyolewa mjini, akarudi kila mara na kichwa kama yai lililomenywa vibaya, mpaka Zagorka akamkokota mpaka saluni na kumkalisha. Stamena alimnyoa. Hakumwambia neno, na Krsman alikiri kwamba hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwaka uliofuata Mwalimu aliitisha mkutano kutafuta mlinzi wa lango, akiogopa kuwa hatapatikana. Wakajitokeza watu wengi hata viti havikutosha: padri, yule mpiga tarumbeta aliyewahi kusinzia, wanaume wawili wa Topoljar waliosema wako tayari kuhama, na Krsman mwenyewe, aliyedai kuwa ana uzoefu. Waligombana mpaka kahawa ikaisha. Stamena aliwaacha humo wakipiga meza, akatoka kufungua saluni, kwa kuwa kulikuwa na bibi harusi anasubiri kusukwa tangu saa tatu.